Kipimo cha mafuta kwenye damu, Mbeya mjini: kizuri, ila usikilipie ukiwa na homa

Kipimo cha mafuta kwenye damu kinachotolewa na maabara za Mbeya mjini ni huduma inayostahili hela yake kwa mtu asiyeumwa. Shida huja Juni na Julai, baridi inapokaza na mafua kuingia kila nyumba, watu wakapima wakiwa bado wanakohoa. Majibu yanaweza kutoka mazuri, na uzuri huo haupaswi kuaminiwa.

Mwili ukipambana na virusi, LDL (kolesteroli "mbaya") hushuka, HDL (kolesteroli "nzuri") hushuka, trigliseraidi (aina nyingine ya mafuta ya damu) hupanda. Mwenye LDL ya juu siku zote anaweza kukabidhiwa karatasi isiyo na alama ya hatari kwenye LDL, akarudi Tukuyu ametulia. Kwa mafua ya kawaida, subiri wiki 2 hadi 3 baada ya kupona. Kwa nimonia au UVIKO-19 iliyokulaza, subiri miezi 2 hadi 3. Mapokezi wanaouliza "umeugua karibuni?" kabla ya kupokea malipo wanafanya kazi yao sawasawa, na ukiona hawaulizi, sema mwenyewe. Anayeishi na VVU aseme pia: VVU visivyotibiwa hushusha LDL na HDL, na LDL hupanda tena dawa zinapoanza kufanya kazi.

Karatasi ina namba nne: kolesteroli yote, HDL, trigliseraidi na LDL. Hiyo ya mwisho mara nyingi haipimwi, hupatikana kwa hesabu: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseraidi iliyogawanywa kwa 2.2, vipimo vikiwa vya mmol/L. Ukiwa na kolesteroli yote 5.2, HDL 1.0 na trigliseraidi 1.8, LDL ni takriban 3.4. Kwa mg/dL gawanya kwa 5. Trigliseraidi ikizidi 4.5 mmol/L hesabu hii haifai tena, na maabara makini huiacha LDL wazi au huipima moja kwa moja.

Sasa kile ambacho karatasi haisemi. Wateja wengi huamini namba ya LDL inaonyesha "mafuta yaliyoharibika". Haionyeshi. LDL inapooksidika, yaani inapoharibiwa na oksijeni, makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) huimeza bila kiasi na uvimbe kwenye mishipa huongezeka, hata kama kiwango chote cha LDL ni cha wastani. Maambukizi huchochea hali hiyo: HDL, ambayo kwa kawaida huilinda LDL isioksidike, hupoteza kimeng'enya chake cha paraoksonesi wakati wa homa, na ulinzi hulegea.

Hata hivyo si kila kolesteroli iliyooksidika ni adui, na hapa ndipo maelezo ya kaunta huwa mepesi mno. Interferoni, protini za kinga zinazotolewa virusi vinapoingia, huziamuru seli kutengeneza 25-hidroksikolesteroli, aina mojawapo ya kolesteroli iliyooksidika, ambayo huvizuia virusi vingi kuungana na utando wa seli. Watafiti wa Turin, Italia, walionyesha mwaka 2020 kwamba wagonjwa wa UVIKO-19 walikuwa na 27-hidroksikolesteroli, aina nyingine ya kolesteroli iliyooksidika, pungufu, hasa waliozidiwa, huku 7-ketokolesteroli, inayozalishwa na uoksidishaji usiodhibitiwa na vimeng'enya, ikiwa imepanda. Aina moja hupungua, nyingine huongezeka. Kusema tu kwamba kolesteroli "imeoksidika" hakumwelekezi daktari popote.

Kuzipima aina hizo kunahitaji kromatografia na spektrometa ya masi, mitambo ya kutenganisha na kutambua molekuli. Damu huwekewa EDTA (dawa ya kuzuia kuganda) na kizuia oksidi, kisha hugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa kuwa kolesteroli huendelea kuoksidika ndani ya chupa na kutoa namba za uongo. Hicho si kipimo cha kungojea majibu kwenye benchi. Ile mashine ya kushika mkononi inayozungushwa na wauza virutubisho, inayodai kusoma mafuta bila tone la damu, haipimi kolesteroli ya aina yoyote. Usiilipie.

Upande wa utoaji damu ndiko ubora wa maabara unakoonekana. Uketishwe dakika 5 au zaidi kabla ya sindano, hasa kama umetoka kupanda mlima kwa miguu, maana kusimama kwa muda mrefu huongeza namba. Mpira wa mkononi usizidi dakika 1; ukikaa muda mrefu maji hutoka kwenye mshipa na kolesteroli huonekana kubwa kuliko ilivyo. Chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda iachwe kama dakika 30 kabla ya kuzungushwa kwenye mashine.

Kuhusu kufunga, anayetoka Chunya asubuhi na mapema si lazima ateseke. Miongozo mingi sasa inakubali kupima bila kufunga. Trigliseraidi zikitoka juu, rudia ukiwa umefunga saa 9 hadi 12. Maji ruksa, chai ya maziwa hapana.

Ukirudia kipimo, rudi maabara ileile, na uombe karatasi iandikwe kama ulikuwa umefunga na tarehe uliyougua mara ya mwisho.