TAHADHARI: Dalali wa "gari za familia" hapa Dar, anakuuzia Noah mbovu halafu anairudisha mwenyewe kwa bei ya skrepa

Habari zenu ndugu zangu. Nitaandika ndefu kidogo mnivumilie, ila wewe mwenye familia kubwa na hela ya kuungaunga soma mpaka mwisho kabla hujampa mtu advansi ya gari.

Kuna dalali anapost kwenye magrupu ya kuuza na kununua hapa Dar, tangazo lake ni lile lile kila mara, "gari ya familia, siti 8, AC ya barafu, mwenye nayo kahamishwa kikazi anataka hela ya haraka". Anauza Noah, Voxy na Ipsum tu. Nilikuja kuelewa baadae kwa nini, maana wateja wa hizo gari ndo sisi, watu wenye watoto wengi na wazazi ndani, ambao tukishalipa hatubakiwi na kitu cha kupeleka gereji.

Nyumbani kwetu Mbezi tuko wanane, mimi na mume wangu, watoto wanne, mama mkwe na shemeji yangu anayesoma chuo. Tulikuwa na Corolla ya zamani, leo plagi kesho rejeta, na hata ikiwa nzima hatuenei, mama mkwe anaumwa miguu hawezi kugombania daladala kwa hiyo yeye na wadogo wanapanda gari, wakubwa wanafuata na daladala. Tukaiuza ile Corolla, tukajumlisha na gawio langu la kikoba na mkopo wa mume wangu kazini, ikapatikana milioni nane na nusu. Noah za aina hiyo tulizokuwa tunaziona sehemu nyingine zilikuwa kumi na kuendelea, yeye akasema nane na nusu hiyo hiyo inatosha "kwa sababu naona mna familia shem, nawasaidia".

Sasa sikilizeni anavyofanya. Gari analeta yeye mpaka ulipo, huendi kuiangalia ilipolala. Ikifika imeshapata moto, anakwambia katoka kuiosha. Mnazunguka nayo kidogo kwenye lami iliyonyooka, AC inapuliza vizuri, gia zinaingia vizuri, dashibodi safi haina taa hata moja inayowaka, fundi tuliyeenda naye akasikiliza mlio akaona iko sawa, na kwa hali ile ilivyokuja fundi yeyote angeona iko sawa. Mkataba anakuja nao umeshachapwa, na ndani kuna sentensi inasema mnunuzi ameikagua gari na ameridhika nayo kama ilivyo.

Tulipata msiba Morogoro tukaondoka wote. Kufika Mlandizi mshale wa temperecha ukapanda, maji yakaanza kurushwa nje, tukashuka wote juani, mama mkwe tukamtandikia kanga chini ya mti na mkoba wake wa dawa. Tukavutwa mpaka Mbezi, na hiyo hela ya kuvutwa ilikuwa ya ada.

Fundi alipofungua ndo tukajua. Gasketi ya silinda hedi imekufa, na kwenye rejeta kulikuwa na tope la kahawia, ile dawa ya kuzibia inayomwagwa ili maji yasivuje kwa siku chache. Themostati haipo kabisa, imetolewa ili injini ichelewe kuchemka ukiijaribu. Halafu akatoa dashibodi akatuonyesha kipande cha tepu nyeusi kimekatwa vizuri kabisa kwa wembe, kimebandikwa juu ya taa ya cheki injini. Yaani mtu alikaa chini akapima, akakata, akabandika. Mimi hiyo tepu ndo iliyoniuma kuliko hata hela, maana hapo hamna tena cha kusema mwenye gari alikuwa hajui.

Tukampigia. Hakukata simu wala hakutukana, na hapa ndo nataka muwe macho zaidi. Akaja mpole, anatupa pole, akaleta "fundi wake bingwa wa Noah". Yule fundi hata saa haikuisha akasema injini imekufa, inatakiwa nyingine, milioni tatu na nusu pamoja na ufundi. Dalali anajua hatuna. Akamvuta mume wangu pembeni akamwambia kaka mimi nitakubebea huo mzigo, nakupa milioni mbili na nusu taslimu leo naiuza kama spea, angalau mpate pa kuanzia. Na mtu una watoto wanne, mkopo unakatwa kwenye mshahara, gari imelala uani haitembei, hiyo mbili na nusu unaiona nyingi. Mume wangu alikuwa ameshakubali.

Kilichotuokoa ni kadi ya gari. Ilikuwa bado ina jina la mama mmoja, na tulikuwa na kopi ya mkataba wake wa zamani yenye namba ya simu. Nilimpigia nikitaka tu anisaidie mambo ya TRA, nikamuuliza ile gari uliiuza kwa sababu gani, akanyamaza, akaniuliza siti ya nyuma ina stika za namba? Nikaenda kuangalia, zipo, moja mpaka tano pembeni ya dirisha. Akasema kazibandika mwanangu. Na yeye ana watoto wengi, na yeye aliuziwa na huyo huyo, ikamfia njiani, akaletewa fundi huyo huyo, akaambiwa injini imekufa, akairudisha kwa milioni mbili. Alijua imeshakatwa spea zamani.

Kwa hiyo gari haifi. Inabadilishiwa gasketi ya bei rahisi, inamwagiwa dawa, inarudi sokoni, na kila familia inayopita inaacha mamilioni. Fundi wetu anasema injini inatengenezeka, hedi ikapigwe plena (isawazishwe uso wake) na gasketi mpya, kwa hela ndogo sana kuliko hiyo tatu na nusu.

Kama uko kwenye kutafuta gari sasa hivi, nenda ilipolala asubuhi bila kutoa taarifa, shika injini, ikiwa ya moto ondoka zako. Ikiwa ya baridi kabisa (usifungue rejeta ya moto, utaungua uso) fungua mfuniko wa rejeta halafu washa, mapovu yakitoka bila kukoma hiyo gasketi imeshaenda. Funua na mfuniko wa oili uone kama kuna utando mweupe, hiyo ni dalili maji yanaingia kwenye oili. Washa switchi bila kupiga stata, taa ya cheki injini lazima iwake, ukishapiga stata izime, isipowaka kabisa ujue kuna mtu kaigusa. Pakieni watu mjae, washa AC, pandeni nayo milima ya Goba huku mnaangalia temperecha. Namba ya chesesi ilingane na kadi, faini za trafiki ziangalie kwa namba ya gari kabla ya kulipa maana utazilipa wewe, na usilipe yote mpaka jina la kwenye kadi na mtu anayesaini mkataba wawe mtu mmoja. Ile sentensi ya "kama ilivyo" ikate kwa kalamu mbele yake, akikataa mwache.

Sisi hatujamrudishia. Gari iko uani, watoto wanapanda daladala, mama mkwe tunamkodia bajaji siku za kliniki tu. Tulipoenda kituoni mara ya kwanza tuliambiwa hayo ni madai tu siyo jinai, mlisaini mkataba wenyewe. Tuliporudi na yule mama na mikataba yote miwili ndo ikafunguliwa RB (taarifa rasmi ya polisi) ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Jina lake na namba yake siweki hapa kwa sababu suala liko polisi.

Mpelelezi amesema tukiongezeka walalamikaji itakuwa rahisi zaidi kuonyesha ndo mchezo wake. Kama wewe au ndugu yako mliuziwa Noah, Voxy au Ipsum kwa maneno ya "mwenye nayo kahamishwa kikazi", ikafa, halafu dalali akaja na fundi wake akairudisha kwa bei ya spea, niandikie inbox, na mkataba usiutupe hata kama umechanika.