TAHADHARI: Pete za almasi "VVS1" za bei ya kutupa, Dar

Mnaojiandaa kuvisha pete mwaka huu, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anauza pete za uchumba mtandaoni. Anasema yupo Kariakoo, lakini duka hulioni, anakufuata mwenyewe ulipo. Maneno yake ni yale yale: almasi ya Mwadui, nusu karati, usafi wa daraja la VVS1 (karibu halina kasoro), cheti kipo. Mdogo wangu kamlipa milioni moja na laki sita. Tena jamaa alitoa mashine ya kupimia almasi mbele yetu, ikalia. Nani angebisha?

Ujanja uko hapo. Jiwe ni almasi kweli. Mashine ile inapima jiwe linavyopitisha joto, mambo ya nyufa haiyajui.

Pete ikawa inampwaya shemeji. Jamaa alishatuambia, "Mkitaka kupunguza saizi nileteeni mimi, bure, msipeleke kwingine." Shemeji hakuwa na subira, akaipeleka kwa sonara wa mtaani kwao. Mzee akashika lenzi, akaizungusha pete chini ya taa, akatuita tuone. Ukiinamisha jiwe kidogo unapita mwanga wa zambarau ndani, ukiinamisha tena unageuka rangi ya chungwa, palepale, umetandaa kama mafuta juu ya dimbwi. Jiwe lina ufa mkubwa, umejazwa glasi usionekane. "Nikitia moto hapa mtanidai almasi," akasema, akaturudishia. Moto wa sonara unaharibu ule ujazo, ufa unajitokeza. Sasa mnaelewa ile "bure" ilikuwa ya nini.

Na hicho cheti? Kaandika muuzaji mwenyewe, kakigonga na muhuri wa dhahabu. VVS1 maana yake hata mtaalamu mwenye lenzi ya kukuza mara 10 anahangaika kuiona kasoro. Maabara ya GIA ya Marekani, ambayo wengi wanaifuata, haipangi kabisa daraja almasi iliyojazwa glasi. Kwa hiyo dai cheti cha maabara, siyo cha duka. Namba yake iangalie kwenye tovuti ya maabara yenyewe, na kama imechorwa kwenye ukingo wa jiwe, sonara akusomee kwa lenzi mlinganishe. Mtu akikutajia SI3 (SI ni madaraja ya usafi ya chini ya VVS, yenye kasoro ndogo) ujue GIA hawana daraja hilo. Kwao ikitoka SI2 inafuata I1, yenye kasoro zaidi.

Halafu, kwa maoni yangu, VVS ya nini? SI1 nyingi kwa macho matupu huoni doa. Hela iliyobaki wekeni kwenye mahari.

Jamaa katublock, na akaunti kaibadilisha jina. Kama ulinunua kwake, usiruhusu pete iguswe na moto wala iingizwe kwenye mashine ya kusafishia mpaka sonara mwingine ailaze chini ya lenzi. Risiti na meseji zake zote usifute, polisi watazihitaji.