Uzoefu wangu na Mass Effect Legendary Edition: kumpenda Tali, binti wa merikebu

Nimelimaliza juzi usiku na bado halijanitoka. Kwa wasiolijua, ni gemu la BioWare lililotoka Mei 2021, na ndani yake mna magemu matatu ya Mass Effect, la kwanza likiwa la 2007, yote yamesafishwa picha na kuwekwa pamoja. Unacheza kama Kamanda Shepard, nahodha wa chombo cha anga za juu kiitwacho Normandy. Vita ni vingi na vitamu, ila hapa nitasema mapenzi tu, maana ndiyo yaliyonishika.

Jiandae kwa ukubwa wake: linataka nafasi ya GB 120. Mimi nililipakua usiku usiku kwa siku tisa, bando likikata nasubiri kesho. Kiswahili hakuna, hata cha maandishi ya chini ya skrini.

Niliyempenda ni Tali'Zorah, mwenzake Shepard safarini, asiye binadamu. Watu wake, Wakwariani, walitengeneza mashine za kuwatumikia ziitwazo geth. Siku mashine zilipoanza kuuliza kama nazo zina roho, wenyewe wakaingiwa na hofu wakataka kuzizima, na vita ikaishia kwa wao kufukuzwa kwenye sayari yao. Kwa miaka 300 hivi wamekuwa wakiishi kwenye msafara wa merikebu 50,000, watu milioni 17. Maisha hayo yamewamaliza kinga ya mwili, kiasi kwamba kila mmoja anashinda ndani ya vazi lililozibwa na barakoa isiyotoka usoni. Mafua yako wewe yanaweza kumlaza yeye kitandani. Chakula chetu pia hawezi kukila.

Jina lake ndilo lililonivuta kwanza. Kijana wa kwao huitwa nar, kisha jina la merikebu aliyozaliwa. Akienda safari yake ya ukubwani na kurudi na zawadi, merikebu nyingine humpokea na anaanza kuitwa vas. Tali alikuwa nar Rayya. Gemu la pili linapoanza nikakutana naye tena, anaitwa Tali'Zorah vas Neema. Neema! Nilisimamisha gemu nikamwita mke wangu aje asikie.

Halafu ikaja kesi. Tali anashtakiwa kwa wakuu wa msafara kwamba amewasaliti watu wake kwa kuwapelekea geth ambazo bado zinafanya kazi. Anafika pale anasikia ameshabadilishwa jina, ameitwa vas Normandy, kana kwamba si mtoto wao tena. Tukaenda kutafuta ushahidi, tukamkuta baba yake amekufa na kosa lote ni lake mzee. Ushahidi ninao mkononi, nikiutoa Tali anaachiwa. Yeye ananishika ananiomba nisiutoe, kwa sababu jina la baba litafutwa katika kila merikebu aliyowahi kuitumikia. Nilikaa na rimoti mkononi dakika nyingi. Mwishowe nilinyamaza kuhusu mzee nikamtetea yeye kwa aliyowatendea watu wake, wakamwachia. Ukiutoa ule ushahidi, mapenzi yamekufa hapo hapo.

Hapo ndipo gemu lilipopata heshima yangu. Mimi ni wa Tanga, mke wangu ni Msukuma wa Magu. Nilipokwenda ukweni mara ya kwanza nilibeba zawadi na maneno mengi, na baba mkwe aliniangalia tu. Safari ya pili niliingia uani asubuhi nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikainama, nikakaa kimya mpaka nilipoulizwa. Alicheka akaagiza kigoda. Walioandika mapenzi ya Tali wanajua kitu hicho. Zawadi tupu hazimpati. Unampata kwa kujua kwao jina la baba lina uzito gani.

Usiku wa kuvua barakoa nimeurudia mara tatu. Anakuja chumbani kwa Shepard ameshajitayarisha kwa dawa za kuua vijidudu na za kuongeza kinga, anaongea harakaharaka kwa woga, na anajua kabisa kwamba hata hivyo ataugua. Amekubali. Mkono wa Shepard unainua barakoa, na sisi tunaotazama hatuonyeshwi uso. Ni sawa kabisa, ule uso si wetu.

Ndiyo maana picha ya uso wake bila barakoa inayokuja gemu la tatu inaniuma. Toleo la 2012 waliweka picha ya mwanamke wa kawaida iliyonunuliwa na kuchezewachezewa, watu wakalalamika. Kwenye toleo hili wameweka nyingine, bora zaidi, lakini mimi ningeacha bila. Kilichonitosha ni pale anaposimama kwenye ardhi ya babu zake na kuanza kuchagua dirisha la nyumba yake litakaa wapi.

Kasoro kubwa: ukicheza Shepard wa kike, Tali hapatikani. Mke wangu alichukia kweli. Hata hivyo ameanza la kwake, sasa yuko gemu la pili, anamtafuta mdunguaji anayejiita Archangel kule Omega, kituo kimoja cha anga za juu. Kila jioni ananiuliza ni nani yule, na sijamwambia.