Nilichanga Hela, Sasa Nachanga Karata Peke Yangu

Karibuni tena, wadau. Hicho kishindo mlichosikia ni boksi nimelitua mezani, sijakasirika. Bado. Kilo nne na ushee, mchezo wa ubaoni wa mtu mmoja. Ndiyo, mmoja. Mama aliponikuta nimeutandaza kwenye meza ya kulia aliuliza, "Unacheza na nani?" Nikamjibu nacheza na baridi. Akaenda zake jikoni.

Mnaoshangaa mchezo wa peke yako, msishangae sana. Ile karata ya kwenye kompyuta, iliyokuja na Windows 3.0 mwaka 1990, ni ya mtu mmoja, na wengi wetu tumeshasimama dirishani kwenye ofisi fulani tunasubiri muhuri huku karani anaipanga.

Sasa nilivyoupata. Kickstarter, kwa asiyeijua, ni tovuti ya kuchangishana, ichukulie kama kamati ya harusi. Mtu anakuja na wazo lake, anataja kiasi anachohitaji, na wewe unaweka ahadi. Madaraja yapo, kama single na double zetu, ila kule double inaweza kukufikisha dola 200. Kiasi kikitimia, kampeni ikifungwa kadi yako inakatwa. Kisipotimia hukatwi hata senti. Wenye jukwaa wanachukua asilimia 5, mbali na makato ya malipo. Ila harusini tarehe ya kula pilau unaijua na kwao bwana harusi unakujua. Huku hujui kitu, na Kickstarter wenyewe wanasema wazi kwamba wao si duka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa mwaka 2015 ulikuta kama miradi 9 kati ya 100 iliyopata pesa haikuwapa watu walichoahidiwa. Wangu umefika, umenyooka, hakuna kipande kilichopungua. Kwa hiyo leo simlilii mwizi, na jina la mchezo sitaji, maana kesi hii ni yangu.

Ilikuwa karibu saa sita usiku, umeme umekatika, nipo kitandani na simu ina chaji asilimia 11. Ikaingia barua pepe: zimebaki saa 48. Nikafungua video. Theluji, kibanda cha magogo, mtu mmoja na kandili. Halafu akatokea dubu. Kisanamu cha dubu, manyoya unayahesabu. Nikaweka ahadi ya dola 119, boksi kuu 79 na boksi la nyongeza 40, haraka haraka simu isije ikazima. Yaani niliogopa chaji kuisha kuliko nilivyoogopa karibu laki tatu kuondoka. Na ahadi unaweza kuifuta kabla kampeni haijafungwa! Nilikuwa na siku mbili nzima za kubadili mawazo. Asubuhi umeme ulirudi, nikachaji simu, nikaangalia video ya dubu tena.

Tanzania hawatumi, kwa hiyo mzigo ulienda kwa dada yangu Leicester, Uingereza, miezi 14 baada ya tarehe waliyoahidi. Yeye ndiye aliyekuja nao kwenye begi la kilo 23. Blanketi la mama alilirudisha dukani ili dubu wangu apate nafasi. Hilo blanketi nalisikia kila Idi.

Haya, mchezo. Wewe ni mwindaji, upo kibandani peke yako, inabidi uvuke majira ya baridi. Kila siku unatupa dadu tano, unazipanga kwenye kazi: kuwinda, kukata kuni, kuziba paa, kulala. Dadu yenye namba kubwa inawinda vizuri, lakini kuni nazo zinataka namba kubwa. Sogezeni macho hapa. Hivi vijiti ni kuni, vya mbao kweli, vidogo kuliko njiti ya kiberiti. Kila usiku unaondoa kimoja, na kikibaki kimoja kwenye bakuli nawaambieni mkono unasita. Siku nne, tano za mwanzo ni tamu. Sikudanganywa hapo.

Tatizo ni jioni. Siku ikiisha kuna kitu kinaitwa hatua za usiku, na ziko 14. Sogeza alama ya baridi. Angalia upepo. Chomoa karata ya mnyama. Msogeze dubu. Kama dubu amevuka mto, chomoa karata nyingine. Punguza homa. Changa upya karata zilizotumika. Katika hizo 14, zinazonitaka nifikiri ni mbili. Kwenye nyingine zote mimi ni karani wa huyo dubu: namfungulia faili, namsogeza, namwandikia, halafu ananila.

Na hapa ndipo mchezo wa mtu mmoja unapopimika. Mkiwa wanne, kazi ya kusogezasogeza mnagawana, na wakati mwenzako anahesabu wewe unamtania. Ukiwa peke yako unafanya yote, na hakuna wa kumtania. Watunzi wazuri wanalijua hilo. Chukua Under Falling Skies. Vyombo vya adui vinashuka kutoka juu. Unaweka dadu kwenye safu, na vyombo vya safu hiyo vinashuka kwa namba ileile uliyoweka. Namba kubwa inakupa nguvu zaidi, lakini inamleta adui mbio. Zamu ya adui imo ndani ya zamu yako, ukarani umekwisha. Ulianza kama mchezo wa karata 9 wa kujichapishia mwenyewe, ndipo Czech Games Edition wakautoa kwenye boksi mwaka 2020. Karata 9, wadau, hiyo ni karatasi moja mbili za steshenari na mkasi! Au Friday wa Friedemann Friese, wa mwaka 2011, unamsaidia Robinson kisiwani. Ukishindwa na karata unalipa uhai, lakini kwa uhai huohuo unazitupa karata zako mbovu. Kushindwa kwenyewe ndiko kunakokujenga. Boksi lake ni dogo, dada asingelalamika.

Mbona huu wangu ukawa na hatua 14? Nilirudi kusoma ukurasa wa kampeni, safari hii bila umeme kunikatikia. Mwanzo haukuwa hivyo. Kulikuwa na kuni, baridi na njaa, basi. Michango ilivyozidi wakaanza kutangaza malengo ya ziada: tukifika kiasi fulani tunaongeza upepo, tukifika kingine tunaongeza homa, kingine dubu. Watu tunashangilia, na mimi nikiwemo, nilibonyeza moyo kwenye homa! Kila tulichoshangilia kikageuka mstari mwingine kwenye hatua za usiku. Rasimu ya kitabu cha kanuni ilikuwa palepale, faili la PDF, bure, kurasa 48. Ningefungua ukurasa wa 31 ningeziona zote 14. Ila PDF haina manyoya.

Wiki iliyopita nikafanya jaribio. Nikatoa upepo, nikatoa homa, nikatoa na dubu, vyote vya boksi la nyongeza, nikabaki na boksi kuu peke yake. Hatua zikashuka mpaka tisa, na mchezo uliokuwa unakula saa mbili na nusu ukaisha kwa saa moja na dakika kumi. Nilikufa njaa siku ya 19 na nikatandaza tena papo hapo. Kwa hiyo boksi kuu linabaki, linapata alama saba kwa kumi, na kuwinda bado kunalipa kupita kiasi ukiniuliza.

Boksi la nyongeza linauzwa. Laki moja, maelewano yapo, anayelitaka aniandikie hapo chini. Dubu yumo. Sikio lake la kushoto lilivunjika kwenye begi, nimeligundisha na supaglu, ngoja nimgeuze mwone. Hapo. Mkimweka ubavu huu haionekani.