TAHADHARI: Seti za filta za GND zinazouzwa kama kioo

Wapiga picha wenzangu, hasa ninyi wa mandhari, kuna muuzaji mtandaoni anauza seti ya filta za GND, zile za mstatili za kuweka mbele ya lenzi, zenye giza juu na uangavu chini, za kutuliza anga lisiungue (lisitoke jeupe tupu) wakati ardhi bado iko gizani. Anazitangaza kuwa ni kioo kitupu, hazibadilishi rangi hata kidogo, na mkoba mmoja una 0.3, 0.6 na 0.9, za mpito laini (giza linafifia polepole kuelekea uangavu) na za mpito mkali (giza linakatika ghafla). Nimezipokea nikazipima. Si kioo, zinachafua rangi, na namba zilizochapwa pembeni ni za uongo.

Kioo ukikishika kina ubaridi, na ukikigonga kwa kucha kinalia. Hizi ni nyepesi, zina sauti butu, na zimefika zikiwa na mikwaruzo tayari. Plastiki yenyewe si kosa, maana filta nyingi nzuri hutengenezwa kwa resini, tena zikianguka kwenye mawe zina nafuu kuliko kioo. Kosa ni kuuziwa plastiki duni kwa jina la kioo.

Sasa namba. Filta ya 0.3 hupunguza mwanga kwa stopu moja (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), 0.6 kwa mbili, 0.9 kwa tatu, yaani hupitisha sehemu moja tu ya nane. Weka kamera kwenye tripodi mbele ya ukuta mweupe wenye mwanga usiobadilika, funga ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi visibadilike, kisha uone kamera inataka kasi gani. Ikitaka 1/125 ya sekunde bila filta, ukiifunika lenzi yote kwa sehemu ya giza ya 0.9 ishuke hadi 1/15. Niliyouziwa iliishia 1/30, stopu mbili tu. Ile ya 0.6 nayo ikatoa 1/30. Ni filta ileile imegongwa namba mbili tofauti!

Kilichoniudhi zaidi ni rangi. Rudia jaribio hilo ukiwa umefunga mizani ya weupe (mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi), kwa sababu ukiiacha otomatiki kamera itakuficha ukweli. Ukuta ukaja na uzambarau wa wazi kabisa. Kuna watakaosema hilo linarekebishwa kwenye kompyuta. Jamani, uzambarau huo uko juu tu na unafifia kufuata mpito; ukiuondoa kwenye picha nzima ili anga lirudi sawa, ardhi inageuka kijani. Na ukipachika filta mbili pamoja, unazidi.

Zile za mpito mkali na za mpito laini pia nimeziweka sambamba juu ya skrini nyeupe, sioni tofauti. Wa baharini, ambako upeo umenyooka, anahitaji mkali; wa milimani anahitaji laini ili vilele visikatwe na mstari mweusi. Hapa wote wawili wameuziwa kitu kimoja.

Mtamtambuaje? Akaunti anabadilisha, lakini picha za tangazo ni zilezile. Tazameni ile ya mlima wakati wa machweo: anga limetiwa giza, lakini kilele kilichochomoza juu ya upeo kinang'aa kama miamba ya chini, na giza linafuata ukingo wa kila mti. Hakuna filta ya kuweka mbele ya lenzi inayoweza kufanya hivyo. Mpito wake umenyooka, kwa hiyo chochote kilichoingia juu ya mstari kinapata giza pamoja na anga. Picha ile imetengenezwa kwenye kompyuta.

Nilipomtumia matokeo ya vipimo alijibu kuwa kamera yangu ndiyo mbovu. Nikamwomba apige picha ya ukuta mweupe kwa filta zake mwenyewe, akanifungia mawasiliano.

Kama umeshaagiza, usithibitishe kupokea mzigo wala kumpa nyota kabla ya kufanya jaribio la ukuta. Piga picha ukiwa na filta na nyingine bila filta, mipangilio ileile, uzihifadhi pamoja na picha ya skrini ya tangazo linaposema "kioo", kisha fungua malalamiko kupitia mtandao uliolipia, si kwa ujumbe wa faragha kwake. Kwenye ujumbe wa faragha ataomba umpe muda, na muda wa kudai fedha zako ndio huo unaoisha.