Darubini ya kutazama mwewe safarini na RV: kama unavaa miwani soma hii kabla hujalipa

Malalamiko yenu yamenijaa kwenye inboksi na karibu yote ni yale yale. Mtu kanunua darubini ya maana, kapakia familia kwenye RV, lile gari lenye kitanda na jiko ndani, anaikata Marekani kutoka pwani hadi pwani, mwewe wamejaa juu ya nguzo huko Kansas na Nebraska, halafu akiweka darubini usoni anaona giza pembeni na kipande kidogo katikati kama anachungulia tundu la ufunguo. Nikiwauliza, mnavaa miwani? Ndiyo. Na kama sio ya macho basi ya jua, maana nani anakaa siti ya mbele mchana kutwa bila miwani ya jua?

Mambo ya ukuzaji sitaki kupoteza muda, chukua 8x42 basi, yaani inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Ya 10 inatikisika mkononi na injini ikiwa inanguruma ndio kabisa, kwa hiyo gari lisimame sehemu inayoruhusiwa, injini zima, ukae humo humo ndani maana mwewe gari analizoea ila ukifungua mlango tu ukashuka anaondoka. Tazama kwa dirisha la pembeni lililofunguliwa, kile kioo cha mbele kimelala na kinaharibu picha. Dereva na darubini wasijuane kabisa gari likiwa linatembea.

Sasa ugomvi wangu. Kila darubini ina umbali fulani nyuma ya lenzi ambapo jicho likikaa linaona picha nzima, wanaupima kwa milimita. Miwani inalisukuma jicho nyuma, kwa hiyo ukiwa na miwani usikubali chini ya milimita 16. Na hapo bado hujamaliza, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida inahesabiwa kuanzia kwenye kioo chenyewe, na kioo kimezama ndani ya kile kikombe cha mpira cha jichoni, yaani milimita kadhaa zimeshaliwa kabla hata hujainua mkono! Dawa yake: vaa miwani yako, zungusha vikombe vishuke mpaka mwisho, tazama mbali. Ukiona ukingo wa duara wazi pande zote kwa wakati mmoja, hiyo inakufaa. Kama inabidi uchungulie kushoto, halafu kulia, ndio uone ukingo, iache hapo hapo.

Mtasema nakuza mambo. Haya, mwewe mtakayekutana naye sana njiani ni mkia-mwekundu, ila yule mchanga ambaye hajamaliza mwaka hana huo mkia mwekundu, wake ni wa kahawia wenye mistari mistari. Unamjua kwa mkanda wa madoa tumboni, na akiruka kwa mstari mweusi kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kuanzia begani kwenda kwenye kifundo cha bawa. Huo mstari unauona akiwa anakupita juu, sekunde chache tu, na kama darubini yako inakupa nusu ya picha utaona mkia, utasema sio mwekundu, na utaandika jina la ndege mwingine kabisa.

Namba moja kwangu ni Nikon Monarch M7 8x42, na mnanijua mimi ni mtu wa Nikon sijifichi. Umbali wa jicho ni milimita 17.1, na upana wa picha yake ni nyuzi 8.3, yaani kwa umbali wa kilomita moja unaona eneo la mita 145 hivi. Ukipita Hawk Mountain kule Pennsylvania katikati ya Septemba, mwewe wenye mabawa mapana wanapohama makundi kwa makundi wakizunguka kwenye hewa ya joto, utanishukuru kwa huo upana. Bei inacheza kwenye dola 500, inauma ila inalipika.

Ya pili Vortex Diamondback HD 8x42. Milimita 17, upana mdogo kidogo, picha ya pembeni sio kali kama ya Nikon, ila dhamana yao ni ya maisha na risiti hawaulizi, na kwenye gari ambalo kila kona kitu kinadondoka hilo sio jambo dogo.

Ya tatu Canon 10x30 IS II, na hii imenikera kweli kweli. Unabonyeza kitufe picha inatulia tuli hata mikono ikitetemeka, yaani ni kama waliitengeneza kwa ajili ya RV, halafu wakaweka milimita 14.5! Na maji haitaki. Kama huna miwani ya aina yoyote ipandishe iwe ya pili.

Swarovski NL Pure 8x42 ina milimita 18 na upana wa mita 159, hakuna ubishi ni tamu, ila inazidi dola 3,000 na mafuta ya RV nani atalipa? Ya bei nafuu ni Celestron Nature DX 8x42, inatosha.

Ila wauzaji jamani. Unaingia kuuliza milimita, mtu anakujibu "inaona kilomita kumi dada yangu". Wengine wanaandika 60x60, 100x180, namba za kutunga tu, lenzi imepakwa wekundu ing'ae kwenye picha, na bei wameipandisha jana ili leo waikate nusu waite ofa. Muuzaji mmoja nilimwandikia mara tatu kuhusu hizo milimita, akanitumia picha ya mkoba wake! Halafu kurudisha mzigo wanakukata asilimia na usafiri juu yako. Kwa hiyo agizeni mapema mkiwa bado mna anwani, mjaribu na miwani mlangoni kwenu, kwa sababu ukishafika katikati ya Wyoming siku za kurudisha zinakwisha na wewe hata posta ya karibu hujui iko wapi.