Seti ya yoti ya Kiholanzi, 1:50: mwili mzuri, panga za kutupa

Nianze na panga, maana ndizo zilizonila muda mwingi kuliko kitu kingine chochote ndani ya boksi hili la vipande vya kuundia modeli ya yoti, chombo cha tanga, iliyo ndogo mara 50 kuliko chombo halisi.

Yoti ya Kiholanzi ya karne ya 17 ina kitako bapa, kwa kuwa ilitembea katika maji yenye kina kifupi: ghuba ya Zuiderzee, mito na mifereji. Chombo cha kitako bapa upepo wa ubavuni hukisukuma kando. Dawa yake ni mbao mbili pana zinazoning'inia, moja kila ubavu. Waholanzi huziita zwaarden, yaani panga. Unashushwa ule wa upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, peke yake, nayo maji yanaukandamiza kwenye ubavu wa chombo. Mkigeuza tanga, huu unapandishwa na mwenzake unashushwa.

Seti niliyonunua, ambayo kampuni yake sitaitaja, imeweka panga mbili za plaiwudi ya milimita 2, bapa huku na huku kama vijiti vya aiskrimu. Upanga wa kweli hauko hivyo. Uso wa ndani, unaoelekea ubavu, umevimba kidogo, na uso wa nje umenyooka. Uvimbe huo ndio unaokivuta chombo kwenda goshini, upande upepo unakotoka. Anayeuza modeli ya yoti ya Kiholanzi akakosea panga, amekosea kitu kinachoifanya kuwa ya Kiholanzi. Mwaka 1660 Waholanzi walimzawadia mfalme Charles II wa Uingereza yoti ya namna hii, Mary. Waingereza walipoanza kuunda zao, waliongeza kina cha chombo wakaziacha panga, na yoti zao zikawa vyombo vya aina nyingine kabisa.

Kwa hiyo panga za boksi nilizitupa. Kila upanga mpya niliuunda kwa vipande vitatu vya mti wa pea, nikavigundisha, nikauchonga uvimbe kwa kipande cha kioo na kumalizia kwa msasa namba 400. Pete za chuma nilizikata kwenye karatasi nyeusi. Jioni nne, na sijutii hata moja.

Mwili wa chombo nausifu bila kusita. Mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo, yamekatwa kwa leza, na yote yaliingia kwenye uti bila kulazimishwa. Nilipolaza uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), haukugusa kilima wala bonde popote. Kwangu hilo lina uzito. Nimezaliwa Matondoni, Lamu, na babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Sasa naishi Haarlem, Uholanzi. Kwetu mbao za mwanzo hufungwa kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, kwanza, mataruma yanafuata na kutoshezwa ndani. Babu aliunda hivyo, kwa jicho na tezo, bila mchoro. Nilidhani ni sisi tu, mpaka nilipojua kwamba Mholanzi Nicolaes Witsen, katika kitabu chake cha uundaji meli cha 1671, anaeleza mafundi wa Uholanzi wakiunga mbao za kitako kwanza, zimeshikiliwa kwa koleo na vipande vya muda, ndipo mataruma yaingie. Niliposoma hapo niliinuka nikampigia simu baba yangu. Seti inakwenda kinyume, mataruma kwanza, lakini silaumu: mezani ndiyo njia inayowezekana.

Omo ndiyo kazi. Yoti hizi zina omo ya mviringo, nene, na karatasi ya maelekezo imepaachia sentensi moja. Msiunge ubao mkavu hapo. Nililoweka kila ubao dakika ishirini katika maji ya moto, nikaukunja juu ya bomba la chuma lenye joto, nikaupunguza upana kwa randa ndogo kuanzia katikati kwenda omo. Mbao mbili zilivunjika, na kwa sababu seti inatoa idadi kamili bila ziada, nililazimika kununua nyingine. Kwa euro 210, mbao tano za akiba lilikuwa jambo dogo.

Ngozi ya pili, yaani tabaka la nje la mbao, ni ya mjozi, nusu milimita. Mjozi una vinyweleo vikubwa ambavyo kwa kipimo cha 1:50 vinaonekana kama nyufa za upana wa kidole. Waholanzi wenyewe waliundia mwaloni, ila nao una kasoro hiyohiyo ukiwa mdogo kiasi hiki. Nilitumia pea, nikaupaka mafuta ya kitani mara mbili.

Kamba zote zimekuja nyeusi na zinang'aa. Za kushikilia mlingoti nilizipaka kahawia iliyokolea, kama zilizopakwa lami, na za kuvutia tanga nikanunua za rangi ya katani. Kapi, zile roda za kupitishia kamba, ni za mraba. Nilizitia msasa pembe hadi zikawa mviringo. Tanga jeupe mno nilililoweka katika chai ya rangi usiku mzima. Nakshi za tezi ni za madini, zimefifia, ila misalaba mitatu ya nembo ya Amsterdam inasomeka, nami nikaiacha.

Ninunue tena? Ndiyo, kwa sababu ya mataruma yale. Ila nawashauri mnaofikiria: tengeni kama euro 60 nyingine za mbao na kamba, na kabla ya kufungua boksi nendeni Het Scheepvaartmuseum, makumbusho ya ubaharia pale Amsterdam, msimame mbele ya modeli za zamani, mzitazame mbavu zake kwa makini. Mimi nilikwenda mara tatu.

Miezi saba imekwisha. Yoti iko dirishani, tanga limejaa kutoka kushoto, na upanga wa kulia umeshushwa.